Pamba Juu ya Samaki: Ukungu wa Maji katika Mabwawa ya Meru na Afya ya Mfugaji

Kati ya Juni na Agosti miteremko ya Mlima Meru hupata baridi ambayo wakazi wa Arusha wameizoea, lakini samaki wa kufugwa hawajaizoea. Jiji lenyewe liko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mashamba yaliyo upande wa juu wa barabara ya Moshi, kuanzia Tengeru hadi Usa River, huzidi kupanda kadiri mtu anavyoukaribia msitu. Siku nzima huweza kupita bila jua kuonekana. Maji ya mifereji yanayotoka kwenye chemchemi za mlimani huingia bwawani yakiwa ya baridi, na bwawa lisilo na kina hupoteza usiku joto lililopatikana mchana. Ni katika majuma hayo ambapo mfugaji wa sato au kambale huweza kuwakuta samaki wake wakielea kwa ulegevu kando ya bwawa, wakiwa na vishada vyeupe au vya kijivu mithili ya pamba kwenye mapezi, mgongoni na kwenye matamvua.

Kwa kawaida tatizo hili huhesabiwa kuwa la maofisa uvuvi. Hata hivyo, maswali yake hufika pia zahanati na duka la dawa. Je, fangasi hao humwambukiza mlaji, hasa mlaji ambaye kinga yake imepungua? Je, vidonge vya fangasi vinavyotibu binadamu vinaweza kusagwa na kumwagwa bwawani? Na kidonda kisichopona mkononi mwa mtu aliyewatoa samaki hao, ni cha nini? Jibu la jumla ni kwamba ukungu wenyewe haumdhuru mlaji. Kinachoweza kumdhuru binadamu ni dawa isiyofaa inayotumiwa kuuua ukungu huo, pamoja na vimelea vingine kabisa vinavyoingia mwilini pale mwiba wa pezi unapochoma ngozi. Mambo haya mawili hustahili kufahamika vizuri na mhudumu wa afya kuliko ukungu uliyoyaleta, lakini hayaeleweki bila kuuanza huo ukungu.

Hufanana na kuvu, lakini si kuvu

Kiumbe kinachosababisha pamba hiyo mara nyingi ni cha jamii iitwayo Saprolegnia. Kwa muda mrefu wataalamu walikiweka katika kundi la kuvu kwa sababu ya umbo lake: nyuzi nyembamba zinazotambaa, zikizaa spora kwenye ncha zake. Uchunguzi wa karibu ulionyesha kwamba ukoo wake ni mwingine. Ukuta wa seli za kuvu halisi hujengwa kwa kaitini. Ukuta wa seli za Saprolegnia una selulosi na sukari nyingine za namna hiyo. Spora zake zina mikia miwili na huogelea. Jamaa zake wa karibu ni mwani wa kahawia wa baharini, wala si uyoga wala chachu. Kundi hili huitwa oomiseti, na katika makala hii litaitwa ukungu wa maji.

Mkulima wa Meru anamfahamu ndugu mmoja wa kundi hili pasipo kujua udugu huo. Bakajani chelewa linalounguza viazi mviringo na nyanya wakati wa mvua na baridi huletwa na Phytophthora infestans, ambao nao ni ukungu wa maji. Ndio uliomaliza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845 na kuleta njaa kubwa iliyoua watu wapatao milioni moja. Shamba la viazi na bwawa la samaki vilivyo kwenye mteremko mmoja huweza kushambuliwa katika majira yaleyale ya unyevu na baridi, na maadui walio wa ukoo mmoja.

Udugu huu una maana kubwa kwa matibabu. Dawa nyingi za fangasi zinazopatikana katika duka la dawa, yaani flukonazoli, ketokonazoli, klotrimazoli na nistatini, zilibuniwa ili kushambulia ergosteroli, ambayo ni mafuta ya pekee yaliyo katika utando wa seli za kuvu halisi. Ukungu wa maji hutumia steroli za aina nyingine, na baadhi ya jamaa zake hawatengenezi steroli kabisa. Hivyo basi, kusaga vidonge vya binadamu na kuvimwaga bwawani ni kupoteza fedha, na kuna hasara zaidi ya fedha. Dawa za jamii ya azoli zikisambaa katika mazingira huzipa kuvu halisi za udongoni nafasi ya kujenga usugu. Jambo hilo limekwisha kuonekana kwa kuvu iitwayo Aspergillus fumigatus katika nchi ambako azoli hutumiwa kwa wingi mashambani, na mgonjwa anayeambukizwa kuvu sugu namna hiyo hukosa dawa iliyo tegemeo lake la kwanza.

Ni vema kusema wazi kwamba hakuna sheria ya maumbile inayozuia ukungu wa maji kumpata binadamu. Upo mmoja, Pythium insidiosum, unaofahamika zaidi nchini Thailand, hasa kwa wakulima wa mpunga na kwa wagonjwa wa thalasemia. Huziba mishipa ya damu ya miguu au kuharibu jicho, na kwa kuwa dawa za fangasi mara nyingi hushindwa kuutibu, matibabu huishia kwa kukata kiungo. Saprolegnia ya samaki haifanyi hivyo. Ni kiumbe cha maji ya baridi na ya uvuguvugu, na mwili wa binadamu wenye nyuzijoto 37 si makazi yake. Mgonjwa anayetumia dawa za kupunguza makali ya VVU, au mwenye kisukari, anaweza kuambiwa bila kusita kwamba hawezi kupata fangasi kwa kula samaki aliyepikwa akaiva. Samaki mwenye pamba hapaswi kupelekwa sokoni, lakini sababu ni nyingine: ni samaki aliyedhoofika, ambaye ngozi yake iliyopasuka imekwisha kuingiwa na bakteria mbalimbali, na nyama yake huoza upesi.

Mlango ambao ukungu hupitia

Spora za Saprolegnia zimo katika karibu kila maji baridi, yaani maji yasiyo ya chumvi, yawe ya Mto Themi, ya ziwa Duluti au ya mfereji wa shambani. Kwa kawaida hula mabaki: majani, wadudu waliokufa, chakula cha samaki kilichozama. Samaki mzima huishi humo bila kudhurika kwa sababu amevikwa ute unaotelezesha spora na kuziua. Kwa hiyo swali la maana si spora zimetoka wapi. Swali ni nini kilichouondoa ute huo.

Mara nyingi ni mkono wa mfugaji. Vifaranga huvuliwa kwa wavu mgumu, hupakiwa kwa wingi katika ndoo au mifuko, husafirishwa kwa saa kadhaa kwenye barabara mbovu, kisha hutumbukizwa katika bwawa ambalo joto lake ni tofauti kabisa na la maji waliyotoka. Siku chache baadaye pamba huonekana pale pale magamba yalipobanduka. Msongamano, maji yenye amonia nyingi, majeraha ya kuumana kwa kambale, na chawa wa samaki, vyote hufungua mlango uleule.

Baridi hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Sato hustawi katika maji ya nyuzijoto 25 hadi 30. Yakishuka chini ya 20 ukuaji wake karibu husimama, karibu na 16 huacha kula, na yakikaribia 10 hufa. Muda mrefu kabla ya kufikia hatua hiyo, kinga yake imekwisha kupoa, maana samaki hana njia ya kulinda joto la mwili wake. Ukungu, kwa upande wake, huendelea kukua. Huko kusini mwa Marekani, ambako kambale wa aina nyingine hufugwa katika mabwawa makubwa, watafiti walilichunguza jambo hili kwa makini katika miaka ya 1990. Samaki walioshushiwa joto ghafla, kutoka nyuzi 22 hadi 10 ndani ya siku moja, huku maji yao yakiwa na spora, waliugua. Waliobaki katika joto, ijapokuwa walizungukwa na spora zilezile, hawakuugua. Arusha haifikii baridi ya namna hiyo, lakini kanuni ni hiyohiyo: kushuka ghafla kwa joto ni hatari kuliko ubaridi wenyewe.

Mayai ndiyo yanayoteseka zaidi. Yai lililokufa au lisilorutubishwa halina kinga yoyote. Ukungu hulishika kwanza, kisha nyuzi zake hutambaa hadi kwenye mayai hai yaliyo jirani na kuyanyima hewa mpaka kishada chote kinakuwa donge la pamba. Mayai ya kambale huanguliwa baada ya saa 20 hivi katika maji ya nyuzijoto 30, lakini katika maji ya nyuzi 20 huhitaji siku mbili na zaidi. Mtotoleshaji wa Meru asiyepasha maji yake joto anaupa ukungu muda maradufu wa kufanya kazi. Sato amejipatia ulinzi wa ajabu kwa kuatamia mayai yake kinywani, ambamo huyageuzageuza na kuyasafisha saa zote. Mtotoleshaji akiyatoa kinywani mwa mama na kuyaweka katika chupa, hana budi kuifanya yeye kazi ile ya mama kwa kuyatembezea maji safi bila kukoma na kuyaokota yaliyokufa kila siku. Vituo vya kutotolesha trauti, samaki wa vijito vya baridi aliyeletwa Afrika Mashariki na Waingereza, vimekuwa vikifanya hivyo kwa vizazi kadhaa. Cha Kiganjo, chini ya Mlima Kenya, kilianzishwa mwaka 1948. Uokotaji wa mayai mabovu ni kazi ya kuchosha, na hakuna dawa iliyowahi kuchukua nafasi yake.

Si kila pamba ni ukungu

Bakteria aitwaye Flavobacterium columnare huota juu ya samaki kwa namna inayofanana sana na pamba, akitoa baka la kijivu au la manjano mgongoni na kuozesha matamvua. Huyu hupenda joto, na huua kwa haraka zaidi. Macho matupu hayawezi kuwatenganisha kwa uhakika, ilhali matibabu yao ni tofauti.

Hapa zahanati yenye hadubini inaweza kumfaa jirani yake mfugaji. Ukwanguzi mdogo wa pamba huwekwa juu ya kioo pamoja na tone la maji ya bwawa, hufunikwa kwa kioo chembamba, kisha hutazamwa kwa lenzi ya kukuza mara 10 hadi 40. Ukungu wa maji huonekana kama mirija minene yenye matawi, isiyo na kuta za kuigawanya ndani, na ncha zake wakati mwingine huwa zimevimba na kujaa spora zinazochezacheza. Bakteria huonekana kama vijiti vyembamba mno vinavyonyumbuka na kukusanyika katika vichuguu. Mtaalamu wa maabara aliyezoea kutafuta vimelea vya malaria atautambua utofauti huo katika dakika chache. Samaki awe hai au amekufa muda huohuo, kwa sababu maiti yoyote iliyolala majini usiku kucha huota ukungu, na hilo halithibitishi kilichoiua.

Upo ugonjwa mmoja ambao mtu hapaswi kuushughulikia peke yake. Kambale au samaki wadogo wa mtoni wakionekana na vidonda vyekundu vinavyochimba hadi kwenye nyama, hasa wakiwa wengi kwa pamoja baada ya mvua kubwa, inafaa kushuku ugonjwa wa vidonda unaoletwa na Aphanomyces invadans, ukungu mwingine wa maji. Katika Afrika uligunduliwa mwaka 2006 na 2007 katika mito ya Chobe na Zambezi, na umo katika orodha ya magonjwa ambayo Shirika la Afya ya Wanyama Duniani linataka yaripotiwe. Sato wa kawaida huustahimili, kambale huugua. Taarifa itolewe kwa ofisa uvuvi wa wilaya, na sampuli zipelekwe kwa Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, wenye kituo jijini Arusha. Samaki wa bwawa hilo wasihamishiwe kwingine.

Rangi ya kijani

Tangu miaka ya 1930 wafugaji wa samaki duniani walikuwa na dawa moja iliyoushinda ukungu wa maji kuliko zote: rangi ya nguo iitwayo malakaiti ya kijani. Ilikuwa nafuu, ilihitajika kidogo sana, na ilifanya kazi. Wahudumu wa maabara za kifua kikuu wanaiona kila siku pasipo kuifikiria, kwa kuwa ndiyo inayovipa vyombo vya kuoteshea vya Löwenstein-Jensen rangi yake ya kijani. Imewekwa humo makusudi ili kuwaua bakteria wengine na kuwaacha wale wa kifua kikuu wakue. Kitu kinachoua viumbe wengi namna hiyo hakiwi kiburudisho kikiingia mwilini.

Samaki akiogeshwa kwa rangi hii, mwili wake huigeuza kuwa kitu kisicho na rangi, lukomalakaiti, ambacho hujificha katika mafuta na kubaki katika nyama kwa majuma na hata miezi. Mnunuzi haioni, hainusi, wala kupika hakuiondoi kwa kiasi cha kutegemewa. Wanyama wa maabara waliolishwa kitu hicho walionyesha dalili za kudhuriwa kwa chembe za urithi na kuota uvimbe. Mwaka 2008 kamati ya pamoja ya wataalamu ya FAO na WHO ilikataa kukipangia kiwango chochote salama kwa mlaji, na ikashauri kisitumike kwa wanyama wanaoliwa. Umoja wa Ulaya haukiruhusu katika samaki wa chakula, na shehena inayokutwa nacho hukataliwa mpakani. Baada ya makatazo hayo ukungu ulirudi kwa nguvu katika vituo vya kutotolesha samaki vya Ulaya. Marufuku hiyo ilikuwa na gharama yake, na si haki kumlaumu mfugaji anayeulizia dawa ya zamani kana kwamba ni mtu mwovu. Anaulizia kitu ambacho kilikuwa kinafanya kazi. Rangi hiyo ingali ikiuzwa sehemu nyingi duniani kwa ajili ya samaki wa mapambo, na samaki wa mapambo haliwi.

Ndugu ya rangi hiyo imo katika kabati la zahanati nyingi. Ni GV, dawa ya zambarau inayopakwa kinywani mwa mtoto mwenye utando mweupe. Kikemia zote mbili ni za familia moja, na kamati hiyohiyo ya FAO na WHO miaka michache baadaye ilifikia uamuzi uleule kuhusu kuitumia kwa wanyama wa kuliwa. Mhudumu wa duka la dawa anayeombwa chupa kumi za GV kwa mara moja ana haki ya kuuliza ni za nini.

Katika eneo la Meru hoja hii haihitaji maneno mengi. Watu wa Maji ya Chai na Ngurdoto wameishi na maji yenye floraidi nyingi kupita kiasi, na wameona katika meno ya kahawia na mifupa iliyopinda kwamba kilichomo majini huingia mwilini na kukaa. Bwawa nalo ni maji.

Kinachofaa kufanywa

Chumvi ya kawaida ya kupikia ndiyo msaada wa karibu zaidi. Gramu 1 hadi 3 kwa kila lita katika maji ya kusafirishia vifaranga hupunguza mshtuko wao na huzuia spora. Samaki wachache walioota pamba wanaweza kuogeshwa katika gramu 10 kwa lita kwa dakika chache, huku mfugaji akiwaangalia muda wote na kuwatoa mara wanapopinduka. Kutia chumvi bwawa zima ni hesabu nyingine: bwawa la mita za mraba 100 lenye kina cha mita 1 lina lita 100,000, na gramu 1 tu kwa lita ni kilo 100 za chumvi, ambazo mwishowe zitateremka na mfereji hadi kwenye migomba ya jirani. Magadi yasitumiwe badala ya chumvi. Hupandisha ukali wa nyongo ya maji na kuigeuza amonia iliyomo kuwa sumu, na magadi ya ukanda huu huwa na floraidi.

Kwa mayai, hidrojeni peroksaidi imeidhinishwa nchini Marekani tangu mwaka 2007. Mayai ya samaki wa maji ya uvuguvugu huogeshwa kwa dakika 15 katika miligramu 750 hadi 1,000 kwa lita, mara moja kwa siku. Chupa ya asilimia 3 ya duka la dawa ikichanganywa kwa kipimo cha mililita 25 katika lita moja hutoa miligramu 750 hivi. Hukoma mayai yanapoanza kuanguliwa, kwa kuwa kifaranga huweza kuuawa na kipimo ambacho yai limekivumilia. Uzuri wa dawa hii ni kwamba hugeuka kuwa maji na oksijeni na haiachi masalia katika nyama. Jaribio la kwanza lifanywe kwa mayai machache, chini ya uangalizi wa ofisa uvuvi au daktari wa mifugo.

Formalini nayo huua ukungu na hutumika katika nchi kadhaa, lakini wahudumu wa vyumba vya maiti wanajua inavyofanya machoni na kifuani, na tangu mwaka 2004 imehesabiwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu. Aidha, hupunguza oksijeni ya bwawa. Kumpa mfugaji chupa ya formalini nyumbani, penye watoto, ni ushauri mbaya hata kama samaki wangepona.

Yanayobaki hayauzwi dukani. Vifaranga wapandikizwe wakati wa joto, si Julai. Bwawa lichimbwe kina cha kutosha, na katika majuma ya baridi mfereji ufunguliwe kidogo tu, mchana. Chakula kipunguzwe samaki wanapoacha kula, kwa maana kinachozama ndicho kinachoulisha ukungu. Uvuaji na uhesabuji ungoje jua lirudi. Maiti zitolewe kila asubuhi na kufukiwa kwa chokaa mbali na mfereji. Na kama samaki wamekwisha kufikia uzito wa kuuzwa, na wengi bado ni wazima, kuvua na kuuza walio wazima kabla ya baridi kuu ni tiba bora kuliko zote zilizotajwa.

Mikono ya mfugaji

Mfugaji anayelalamika kwamba amepata fangasi wa miguuni kutoka kwa samaki wake amekosea chanzo, lakini hajakosea ugonjwa. Fangasi wa katikati ya vidole hula ngozi ya binadamu na hustawi ndani ya buti la mpira lililolowa. Hutibiwa kwa krimu ya kawaida, na buti likauke kabla ya kuvaliwa tena.

Hatari iliyo kubwa zaidi hupitia mwiba wa pezi. Kati ya mwaka 1995 na 1996, huko Toronto, Kanada, wagonjwa kadhaa walifika hospitali wakiwa na homa na mikono iliyovimba na kuwa myekundu. Waligunduliwa kuwa waliwahi kuchomwa walipokuwa wakiandaa samaki wabichi, wengi wakiwa perege wa kufugwa, na bakteria aliyetolewa katika damu yao alikuwa Streptococcus iniae, ugonjwa wa samaki. Bakteria wa jamii ya Aeromonas, ambao huishi katika maji yaleyale na huwafuata samaki walioota pamba, nao huweza kuingia jeraha na kueneza maambukizi kwa haraka, hasa kwa mgonjwa wa ini au kisukari. Mkono unaovimba ndani ya saa 24 tangu kuchomwa, ukiambatana na homa, ni wa kupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Mchomo wa kawaida uoshwe kwa maji tiririka na sabuni, na chanjo ya pepopunda iulizwe.

Ugumu zaidi uko kwa kidonda kinachokuja polepole. Majuma mawili hadi manne baada ya mchomo, na wakati mwingine baada ya miezi, huota kinundu chekundu au cha zambarau kwenye kidole. Hakiumi sana, kisha hupasuka, na vinundu vingine hujipanga kupanda mkono kwa kufuata mishipa ya limfu. Mgonjwa huwa amekwisha kupewa antibayotiki mbili tatu na krimu ya fangasi. Kisababishi huweza kuwa Mycobacterium marinum, ndugu wa bakteria wa kifua kikuu, aliyetambuliwa kwanza kwa samaki waliokufa huko Philadelphia mwaka 1926. Vinundu vilivyojipanga hivyo huweza pia kuletwa na kuvu halisi iitwayo Sporothrix, inayoingia kwa mwiba wa mmea, na mfugaji wa Meru aghalabu ni mkulima pia. Kwa hiyo swali la kazi yake linahitaji kuulizwa kwa urefu, si kwa neno moja la "mkulima" kwenye faili. Anashika nini, kwa mikono mitupu au kwa glavu, na alichomwa lini?

Kipimo cha haraka cha kifua kikuu kinachotafuta chembe za urithi hakikukusudiwa kumkamata bakteria huyu, na jibu lake la "hakuna" halimwondolei mgonjwa mashaka. Kipande cha ngozi hukatwa na kupelekwa maabara ya kuotesha, na fomu ya maombi iandikwe wazi kwamba mgonjwa anafuga samaki. Bila maneno hayo maabara itaiweka sampuli katika nyuzijoto 37, kama ifanyavyo kwa makohozi, na huenda kisiote kitu. Bakteria huyu hukua vizuri katika nyuzijoto 30 hadi 33, jambo linaloeleza pia kwa nini huchagua vidole na kiwiko, sehemu zilizo baridi kuliko kifua. Chombo cha pili kiwekwe katika joto hilo la chini, na matibabu, ambayo huchukua miezi na mara nyingi huhitaji dawa mbili, yapangwe na mtaalamu baada ya jibu kupatikana.